Mzuri, Lakini

Jumatatu, 4 Agosti 1958
Nimekamua tangu alfajiri. Vidole vina ganzi. Krimu imepelekwa Nakuru, sisi tumegawiwa yale maji meupe yanayobaki kwenye mashine. Mwanangu Musa anayanywa na bado mbavu zinaonekana. Bwana, mzungu mwenye shamba, alisema wiki hii atafikiria kutuongezea mshahara. Nikiongezwa, nitamnunulia mtoto maziwa yenye mafuta. Mimi, mkamuaji, ninunue maziwa!

Jumanne, 5 Agosti
Bwana ana mgeni, memsahib, bibi wa Kizungu kutoka Ulaya. Anazunguka dunia akitaka kujua kama wenye pesa ndio wenye raha. Amekuja hadi zizini, akanipa mkono. Habari ya kazi? Mzuri. Habari ya watoto? Mzuri. Nilikuwa navuta pumzi niongeze neno lakini. Kwetu mtu husema mzuri kwanza, hata kama ametoka kuzika, halafu ndipo anaeleza. Alikuwa ameshaandika, ameshahamia kwa mwenzangu Kiprono. Kiprono naye: mzuri. Heshima zetu hizi!

Alhamisi, 7 Agosti
Nina hasira. Bwana ametuita. Eti mgeni amemweleza kwamba kwao watu wana magari na hawana raha, kumbe sisi wa Subukia tuna furaha bila kitu. Kwa hiyo mshahara hauongezwi. Pesa zitatuharibu. Mbona yeye hazijamharibu? Farasi wake anakula vizuri kuliko Musa. Na kama umaskini ni mtamu hivyo, mbona mgeni hakubaki? Ameondoka asubuhi na siagi ya ng'ombe niliowakamua mimi. Najichukia kwa lile neno moja.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimesema na wakamuaji wote. Kiprono anaogopa kufukuzwa. Mimi pia.

Jumamosi, 9 Agosti
Bwana alipita zizini kama kawaida. Habari? Nikasema, mbaya. Kiprono akafuata: "Mbaya sana, Bwana." Mstari mzima hivyo hivyo. Alisimama na fimbo yake. Nadhani jibu hilo hajawahi kulisikia tangu aje Kenya. Tukangoja aulize kuna nini. Mtu yeyote angeuliza. Akageuka, akaenda kuangalia farasi.

Jumapili, 10 Agosti
Hakuna aliyefukuzwa. Hakuna aliyeongezwa. Leo Bwana amepita bila kutusalimu.
Jioni mke wangu Rasoa ameniuliza habari ya kutwa. Nikasema mbaya. Akaweka sufuria chini, akampakata Musa, akakaa karibu nami.
"Kuna nini?"