Siku Niliyomrudisha Jepchirchir Ndani ya Geti

Jumatatu, 9 Juni 2025

Wabeba magunia wa kampuni ya unga wamegoma. Wamekaa chini nje ya geti kama ng'ombe wa mnada wa kule mjini Ziwa. Nimemwambia mjukuu wangu Jepchirchir asiwaangalie hata. Yeye ni karani, ana kiti cha kuzunguka! Wa kwanza kwetu kufanya kazi akiwa amekaa. Yeye akanijibu kwa jina letu la nyanya, "Gogo, kunywa chai."

Jumatano, 11 Juni

Nimeaibika.

Asubuhi nilisikia makarani nao wametoka, Jepchirchir mbele, anasoma barua kwa sauti. Nikavaa viatu. Kutoka nyumbani Kimumu kwa miguu, na goti hili!

Nikampata ameshikana mikono na Opiyo, mbeba magunia, unga hadi kwa nyusi, na Tryphosa wa kanisa letu, yule hushona magunia. Nikapiga kelele — niliuza ng'ombe mbili usome, usimame na hawa? Nikamvuta kama mtoto wa nasari mpaka ndani ya geti. Askari wa geti alifungua haraka, anacheka. Makarani wengine wakaona, wakaingia nyuma yake mmoja mmoja, macho chini.

Opiyo akasema, "Asante Mama, umemfanyia mkubwa wetu kazi yake."

Nikamwambia akaoge kwanza. Mdomo huu!

Jioni Jepchirchir akaweka mezani ile barua, kumbe ni ya kampuni. Nikaisoma na kidole, mara mbili. Kuanzia Julai wote ni kandarasi ya miezi tatu, bila bima ya hospitali. Ofisi na stoo, sawa sawa. Mimi nilidhani ni mambo ya wabeba magunia tu.

"Dawa yako ya presha inatoka kwa hiyo bima, Gogo." Akaenda kulala bila kula.

Alhamisi, 12 Juni

Wabeba magunia wote wamefutwa kazi. Tryphosa pia. Makarani waliachwa — lakini lazima wasaini kandarasi kesho kabla ya saa sita. Uji umenishinda.

Ijumaa, 13 Juni

Niko getini. Nimekuja na daftari. Nikiandika siangalii nyuso za waliofutwa.

Nilisimama mbele yao nikasema nilikosa. Hata marehemu mume wangu sikuwahi kumwambia hivyo!

Opiyo: "Sauti, Mama! Juzi ulikuwa nayo."

Nikarudia kwa nguvu. Tryphosa alisogea, akaniachia nafasi kwa katoni aliyokalia.

Jepchirchir alikuwa dirishani. Nikampungia mkono atoke. Akanipigia simu.

"Juzi uliniingiza mbele ya watu wote, Gogo. Leo nitoke na nani? Wenzangu karibu wote wamesaini."

"Na wewe?"

Akakata.

Saa sita kasoro dakika kumi. Ameondoka dirishani. Sijui ameenda kwa meza kusaini au kwa mlango kutoka.

Mlango wa ofisi umefunguka — askari tu.

Opiyo anauliza, "Mama, anatoka?"

Nimemwambia anyamaze.