Jino la Nne la Plagi

Jumanne, 4 Juni
Mgongo umekufa. Mtaro wote, kutoka ukuta wa nyumba hadi banda la nyuma, nimechimba peke yangu, kwenye kokoto! Bosi amenunua mashine ya kukereza mbao, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Anataka kuchonga miguu ya meza hapa hapa nyumbani. Umeme wa kawaida hauiwezi. Inataka ule mkubwa, wa laini tatu, na soketi yake. Wa kuifunga ni shemeji yake, mdogo wa mkewe. Alikuja, akaangalia mtaro, akasema ni mwembamba. Mwembamba! Aingie yeye basi.

Jumatano, 5 Juni
Leo nimevuta waya. Shemeji kauleta begani, kipande kilichobaki kwenye kazi nyingine. Ndani yake nyaya tatu. Plagi ina meno manne. Nikamwuliza, fundi, hili la nne linakula nini? Akacheka. Hilo pambo, kaka, wewe vuta.
Pambo! Lile ni la ethi — njia ya umeme kukimbilia ardhini mashine ikivuja. Isipokuwepo, njia ni mtu. Kule kiwanda cha mbao nilimwona mwenzangu akirushwa na msumeno wa umeme kama gunia. Na hapa mtu mwenyewe ni mimi. Bosi kazi yake kuichora hiyo miguu ya meza. Wa kusimama kwenye mashine ni mimi.

Ijumaa, 7 Juni
Wamewasha. Inazunguka vizuri, inaimba. Nikaweka mkono kwenye chuma — inauma! Kama siafu, wote kwa mpigo. Nikaruka. Shemeji akasema inakusalimia tu hiyo, itikia! Wakacheka, yeye na dada yake, mke wa Bosi. Bosi hakucheka. Akajikuna kidevu, akamwambia ahsante shemeji, karibu chai.
Chai!
Nikamfuata Bosi bombani. Nikamwambia wazi: hii itaua mtu, unatakiwa waya wa nyaya nne, na fundi mwingine. Akaninyamazisha kwa mkono. Polepole, mke wangu atasikia. Yule ni shemeji yangu, nitamwambia nini? Nikasema mwambie amekosea. Akaniangalia kama nimemwambia avue suruali barabarani.
Nimempigia mke wangu. Kasema usiguse hicho chuma, rudi nyumbani. Nirudi na nini? Na mikono mitupu? Salio likaisha.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekataa kuwasha. Mama, mke wa Bosi, kasema kosa moja tena, nguo zangu nitazikuta getini. Bosi alikuwa pale pale. Anafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havina kamba!

Jumapili, 9 Juni
Bosi kaja chumbani kwangu asubuhi, akakaa juu ya ndoo. Eti amepata dawa. Nifukue mtaro kidogo pale karibu na banda, niukate ule waya kwa jembe, ionekane bahati mbaya. Hapo atanunua waya mpya wa nyaya nne, atatafuta fundi mwingine, na shemeji hatakuwa ameaibika. Swichi kubwa ameshazima. Nitakufokea kidogo, anasema, usijali, ni maigizo.
Maigizo! Na Mama je? Nguo zangu getini nazo maigizo? Akasema nitaongea naye. Nani, huyu? Huyu aliyeshindwa kumwambia mtu kwamba waya wake umepungua?
Lakini nikikataa, kesho nasimama kwenye ile mashine. Nimeshindwa pa kushika. Nikamwambia niache nifikiri kwanza. Akanipiga begani, akatoka, kama vile tumeshakubaliana.
Naandika nimekaa kitandani, hata viatu sijavaa.
Kelele nje. Ni yeye! Anafoka kwa koo lote — mpumbavu wewe, umekata waya wa shemeji yangu, macho umeyaacha wapi! Dirisha la Mama limefunguka, namsikia anauliza kuna nini. Sijagusa kitu mimi! Jembe lenyewe liko stoo!
Na bado anafoka. Tena vizuri, neno juu ya neno, hakwami popote.
Kumbe kufoka anajua.