Mjomba Hataki Kusikia ya Nje ya Kiwanda

Mshauri mpendwa, naomba unisikilize wewe, maana hapa kazini hakuna anayenisikiliza tena. Sina mume wala mtoto, wazazi walinitoka nikiwa mdogo nikalelewa na mjomba, naye ndiye mwenye kiwanda cha sare za shule ninakofanya kazi. Majuzi aliniambia, "Mwanangu, kabla sijanunua mashine mpya, zunguka uniangalizie biashara huko nje ikoje," nami nikazunguka kweli, nikaongea na wauza vitambaa, walimu wakuu, wazazi, hata fundi wetu wa zamani aliyefungua karakana yake, na niliyoyaona yamenitia hofu, maana mambo ni mengi na yametatana, ukivuta moja yanakuja yote: kitambaa chetu chote kinatoka kwa mwagizaji mmoja, bei yake inapanda kila mara fedha za kigeni zikiadimika, bei ikipanda wazazi wanalalamika, na wakilalamika walimu wakuu wanatishia kusema basi kila mzazi ajinunulie anakotaka, na anakotaka ni kwa yule fundi. Nikayamwaga yote kwenye kikao, mbele ya wafanyakazi.

Mjomba akauliza, "Kwa hiyo nifunge kiwanda?" Watu wakacheka, na tangu hapo naitwa Bundi. Nikiingia chumba cha chakula mazungumzo yanakatika, kwa hiyo nakula peke yangu stoo, nimekalia majora ya vitambaa, na Jumapili mjomba haniiti tena kwake, nashinda nyumbani na redio ili nisikie tu sauti ya mtu. Sasa anataka neno langu la mwisho, na ukweli ni kwamba nataka kumwambia huko nje ni shwari, nirudishiwe watu wangu. Nitakuwa nimekosa?

*Bundi*

JIBU

Utakuwa umekosa sana, binti yangu. Pole, upweke unauma, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na sare zikikosa wanunuzi, haohao wanaokucheka ndio watakaorudi nyumbani mikono mitupu.

Ila na wewe una lako. Mzee wa watu unamwaibishaje mbele ya wafanyakazi wake? Ulipima soko zima ukasahau kumpima mjomba! Tena ulimtwisha yote kwa mpigo kana kwamba yana uzito mmoja. Fedha za kigeni hamziwezi, wewe wala yeye, zifuatilieni tu. Mwagizaji wa pili mnaweza kuanza kumtafuta kesho. Na walimu wakuu hawajaamua bado, kwa hiyo mpeleke mjomba akawasikie kwa masikio yake, mashine zisubiri jibu lao.

Na nani kakwambia mtu hungoja kuitwa kwa mjomba wake? Nenda Jumapili hii. Msalimie, muulize afya yake, mkibaki wawili ndipo umwambie, moja baada ya jingine. Akifoka, mwache afoke. Usibishane naye, na usibadilishe neno hata moja.

Jumapili inayofuata, nenda tena.