Kuchukuliwa kwa Profesa kutoka Chumba cha Kupimia Masikio

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina analojulikana nalo: Mama Pacha
Umri: miaka 41
Kazi: karani wa maktaba ya chuo
Makazi: nyumba za wafanyakazi wa chuo
Uhusiano na aliyepotea: wifi yake

Ninaeleza kwa hiari yangu.

Profesa ni dada wa mume wangu, mtaalamu wa kemia. Kazi yangu maktabani ni kutunza tafiti za walimu wetu na kuhesabu wataalamu wengine wamezinukuu mara ngapi. Wifi yangu ameandika zaidi ya tisini. Nyingi ni kemia tupu, hata mimi nikizifungua nasinzia. Moja tu, aliyoiandika na daktari wa masikio ambaye sasa ni marehemu, imenukuliwa karibu mara elfu mbili. Inasema mvuke wa gundi ya viatu hauharibu masikio ya wafanyakazi. Nilikuwa namtania: "Wifi, tisini umezaa, ni huyu wa masikio tu aliyekutoa kimasomaso." Viwanda vinaitegemea makala hiyo. Mfanyakazi akilalamika kwamba hasikii, anaonyeshwa hiyo, anarudishwa kwenye gundi.

Mnamo Jumanne tarehe 14, saa nane mchana, Profesa alinifuata maktabani amesawijika. Alisema, "Wifi, njoo unitazamie kitu. Naogopa nimewaumiza watu."

Tulikwenda kwenye chumba cha kupimia masikio. Ndani yake kuna kijumba kisichopitisha sauti, chenye mlango mzito na kioo. Anayepimwa hukaa humo na hedfoni masikioni, na kila akisikia mlio anainua mkono. Mpimaji hukaa nje ya kioo na mashine yake. Aliniambia asubuhi ile sikio lilikuwa linamvuma, ndipo akakaa kwenye kiti kile kwa mara ya kwanza maishani. "Mimi nilipima hewa ya kiwandani. Masikio nilimwachia daktari."

Akanikalisha, akaenda nje, akaanza kubonyeza. Niliinua mkono kila mara, hata pale ambapo sikusikia kitu, maana kidole chake nilikiona kupitia kioo. Meza ile ya mpimaji haijahamishwa tangu enzi za daktari. Wafanyakazi waliopimwa humo kwa ajili ya makala ile nao walikiona kidole, na aliyeogopa kufukuzwa kazi alikifuata.

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Alisema kwenye kipaza sauti cha mashine, "Kesho natangaza kuiondoa makala ile. Kiwandani nimeshawaambia." Nikausukuma mlango kidogo, nikamuuliza kwa nini aliwaambia wao kwanza. Alisema ni uungwana tu, akaufunga tena ili anipime mara nyingine.

Kama saa tisa hivi wanaume wawili waliingia, mmoja na koti la kijivu, mwingine na ovaroli. Afande ameniuliza mara kadhaa walisema nini. Sijui, baba. Kwa pale nilipokuwa, niliona midomo tu. Wa ovaroli alifunga mlango wa nje kwa ufunguo. Profesa alisimama, akakaa tena. Kiganja chake chini ya meza kilinipungia: shuka, shuka. Nikateleza hadi sakafuni, hedfoni bado masikioni.

Sijawahi kuogopa vile. Mle ndani ukipiga mayowe hakuna wa kukusikia, na mtu akija mlangoni husikii hatua zake. Niliwawaza pacha wangu, nani angewapokea shuleni. Nikajiziba mdomo. Mara mlio ukaingia masikioni, halafu sauti ya mwanamume, taratibu, ya kubembeleza mtoto: "Mama, hatuna ugomvi na wewe. Ukiulizwa, ile makala iko sawa. Umesikia? Inua mkono."

Niliinua mkono.

Nilipothubutu kuchungulia, hapakuwa na mtu. Miwani ya Profesa ilikuwa mezani, na bila miwani yule hatambui hata ngazi.

Mume wangu, aliyenisindikiza hapa na watoto, amenisihi ninyamaze. Amesema, "Dada yangu keshachukuliwa, na wewe nikuzike?" Lakini naomba liandikwe: makala ile haiko sawa, masikio hayakupimwa, kilichopimwa ni macho. Wifi yangu wamemchukua asiseme hilo. Sasa limeshasemwa, kumshikilia hakuwafaidii kitu, wamrudishe. Hivyo ndivyo nilivyopiga hesabu. Huenda nimekosea, na nikiwa nimekosea basi nimemuua kwa mdomo wangu.

Niliyoyaona na niliyoyasikia ni hayo. Sijaongeza wala kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (amesaini) Mama Pacha

Maelezo ya mpokeaji: Nimemsomea shahidi, amekubali na kusaini mbele yangu saa kumi na mbili jioni. Tangu aanze kueleza, simu ya kaunta ya kituo imelia mara mbili, mtu asiyejitaja akiuliza kama mama amemaliza. Hakuna tuliyemwarifu kwamba yuko hapa. Nimemtoa mwenyewe kwa mlango wa nyuma, yeye, mumewe na watoto. Nilikowapeleka sitaandika katika jalada hili.