Sauti ya Tabitha kwa Stima ya Betri

Jumatatu, 8 Julai 1974

Taa moja, sawa. Taa mbili, sawa. Redio inanguruma kama paka aliyekanyagwa, lakini inasema. Pasi, hapana. Ilipata joto la chai iliyosahauliwa, inveta ikalia kidogo, ikanyamaza.

Hii inveta ni kisanduku cha chuma nilichopata kwenye mnada wa mzungu wa mtaa wa Elgon View aliyerudi kwao. Unakipa stima ya betri ya gari, kinakutolea stima kama ya ukutani. Kitabu chake kilipotea, kwa hivyo najifunza kwa kuunguza vitu. Kampuni yetu ya wanahisa ilinunua shamba la kugawana, haikununua stima. Nguzo zinaishia kwa barabara kubwa.

Mke wangu Tabitha angeicheka hiyo pasi wiki nzima. Miezi mitano sasa hayupo. Nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja, na ina vyumba viwili tu.

Jumanne, 9 Julai

Mama mkwe ametuma neno. Alinunua hisa yake mwenyewe katika kampuni, akagawiwa ploti inayopakana na yetu. Tangu tumzike binti yake hajainuka kitandani. Rebeka, jirani anayempikia, ndiye aliyekuja. Mama amesikia kwamba kanisani mjini kuna tepu ya Tabitha akiimba peke yake, beti tatu, kabla ya kwaya kuingia. Anataka kumsikia kabla hajamfuata. Mjini hawezi kufika, na tepu rekoda ya kanisa inataka stima ya ukutani.

Amesema, "Mwambieni mkwe wangu, ana kisanduku."

Miezi mitano hakuna mtu ameniomba chochote. Nilifurahi. Halafu nikaona aibu.

Jumatano, 10 Julai

Baiskeli mpaka mjini. Betri nimeiacha petroli stesheni ichajiwe, itakuwa tayari kesho. Mwalimu Shem wa kwaya amenipa mashine na tepu, lakini zirudi Jumamosi. Jumapili pasta anaagwa, na kwaya itarekodiwa juu ya sauti ya Tabitha, tepu hiyo hiyo. Nilimwomba atafute nyingine. Akasema tepu ni moja, na ni ya kanisa, si ya marehemu. Nilizunguka maduka yote. Tepu mpya zinatoka Nairobi, baada ya wiki mbili.

Kuna neno nilitaka kumwambia Mwalimu Shem. Nimelimeza, kwa kuwa yeye ndiye aliyetuimbisha kaburini mpaka mwisho, na mvua ilikuwa inanyesha.

Akaniuliza kama nataka kuisikiliza pale pale, stima iko. Kulikuwa na akina mama wanafagia. Nikasema nina haraka.

Alhamisi, 11 Julai

Betri imerudi imejaa. Nikaunganisha, nikabonyeza. Akaimba mwanamume, pole pole, kama mlevi anayetubu. Inveta haikuwa inapiga stima kwa mwendo wa ile ya ukutani, kwa hivyo mota ya tepu inajikokota.

Dawa yake nimeitunga mwenyewe. Nilichomeka saa ya ukutani inayokwenda kwa mwendo wa stima, ya mnada ule ule, nikaweka saa ya mkono kando yake. Ya ukutani ilikuwa inachelewa. Ndani ya inveta kuna skrubu ndogo. Unaigusa, unangoja, unalinganisha, unaigusa tena. Asubuhi yote. Mwishowe saa mbili zikaenda pamoja kama watu waliooana.

Nikarudisha tepu. Alikuwa yeye. Kabla ya ubeti wa pili anavuta pumzi kwa pua, vile alivyokuwa akifanya akitaka kunigombeza. Nilikuwa nimeisahau hiyo pumzi.

Nilitaka kusikia mara moja tu. Nimesikia mara sita.

Ijumaa, 12 Julai

Ninaandika haya nikijichukia.

Mkwe haingii nyumba ya mama mkwe, sembuse chumba anacholala. Miaka kumi na moja hatujawahi kupeana mkono. Kwa hivyo nilikaa nje chini ya dirisha, na betri, inveta na mashine. Waya wa spika ukapita dirishani. Ndani, Rebeka akaiweka spika kwenye mto.

Ubeti wa kwanza ulitoka sawa. Nilimsikia mama akisema jina la utoto la Tabitha, ambalo mimi nilikuwa silijui. Ubeti wa pili sauti ikaanza kuteremka. Wa tatu alikuwa mwanamume yule wa jana. Betri ikipungua nguvu, inveta nayo inachoka, na mwimbaji anachoka pamoja nayo. Nguvu zake nilikuwa nimezila mimi, peke yangu, mara sita. Kuchaji ni siku nzima, na kesho mashine inarudi.

Nikanyoosha mkono nizime.

"Acha," mama akasema. "Anaimba kama marehemu baba yake."

Tukamwacha mpaka akasimama mwenyewe. Halafu mama akaniuliza, "Baba, wewe ulimsikiliza kwanza?"

"Ndiyo, mama."

"Mara ngapi?"

"Sita."

Rebeka alikohoa.

"Mimi ningemmaliza kabisa," mama akasema.

Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 13 Julai

Nimerudisha. Mwalimu Shem ameuliza kama ilifanya kazi. Nikasema ubeti mmoja.

Jumapili, 14 Julai

Kanisa lilijaa mpaka milangoni. Mwalimu Shem anaongoza kwaya kwa mikono miwili, kwa hivyo mashine ilihitaji mtu. Akaniita mbele ya watu wote: fundi, njoo. Nikarudisha tepu mpaka mwanzo, pale anapoanza Tabitha. Mwalimu akainua mikono. Nikabonyeza cha kurekodi. Niliangalia magurudumu yakizunguka kwa stima ya ukutani, mwendo sawasawa, bila kuchoka.

Niliporudi nilipitia kwa mama. Nilikaa chini ya dirisha mpaka viazi vya Rebeka vikaiva. Mama akauliza kama wameimba vizuri. Nikasema vizuri. Akauliza nani sasa anasimama mahali pa Tabitha.

Nikamwambia, msichana mmoja wa mtaa wa West Indies, mjini. Mfupi. Anajitahidi.