Telegramu ya Kuingilia Sinema

Mtaa wa Vine,
Corley, Ohio
14 Machi 1943

Mpendwa binamu Thelma,

Salamu nyingi. U hali gani huko California, na ule mkono uliouunguza ukichomelea meli umepona? Sisi miili mizima, theluji inayeyuka, kahawa ya mgawo imekwisha tangu Jumanne.

Unaikumbuka ile katuni ya gazetini, Kuruta Bimble, anayeuawa kila Ijumaa na kufufuka Jumamosi akidai pai? Wameitolea filamu. Bwana Stroud, mwenye ukumbi ninakouza tiketi, alitaka ujanja wa kuujaza. Mimi na kiherehere changu nikamtungia karatasi za manjano mfano wa telegramu za jeshi: "Tunasikitika kukuarifu kuwa Kuruta Bimble ameuawa. Njoo umzike Ijumaa." Aliyekuja nayo aliingia bure. Tulizisambaza nyumba kwa nyumba, na mji mzima ukacheka, hata wenye watoto vitani.

Ijumaa mama yako alifika na kofia yake ya kanisani, akanipa karatasi. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya jeshi kweli, na jina la mdogo wako Vernon.

"Umekosea, Nettie," akaniambia akicheka. "Vernon atafiaje Tunisia, na barua yake inasema yuko Ireland?"

Nyuma yake palikuwa na foleni. Nikaichana pembe kama tiketi zote, nikamwambia aingie. Bimble alipoketi juu ya jeneza lake akila pai, mama yako alipiga makofi kuliko wote. Nilijiambia namwonea huruma. Ulikuwa woga tu.

Kesho yake nilikwenda kwa mama yako pamoja na mchungaji, nikamwonyesha mama yako telegramu ile ile. Akaweka kidole pale nilipochana.

"Hii ni tiketi," akasema. "Imeshatumika."

Kisha akamkatia mchungaji pai.

Pole sana, Thelma. Hustahili kupata habari ya nduguyo namna hii, tena kwangu mimi. Lakini omba ruhusa kazini uje. Mimi hataniamini tena. Wewe ni mwanawe. Anaoka pai kila siku, sukari yake yote ya mgawo imeishia humo.

Bibi Ottilie na mjomba Amos wanakusalimu. Mama yako naye anakusalimu, anasema usiwe na wasiwasi, Vernon atarudi Jumamosi.

Mungu akushike mkono njia nzima.

Wako akupendaye, hata ukinichukia,
Nettie