Kwa Baba Yetu Ambrose Tullett, Aliyebaki Chini ya Daraja

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ya Machi ulipotutoka, na nyumba yetu ya Bermondsey bado ina baridi kwa sababu yako. Mama hataki kufunga mlango wa jikoni. Jirani akimuuliza kama anataka kupasha joto mtaa mzima, anamjibu kwamba ndivyo mwenye nyumba alivyopenda.

Tunakukumbuka ukirudi kazini unanuka grisi, ukidai chai kabla ya salamu. Tunakumbuka ulivyowachokoza wageni waliosimama kushangaa minara ya Daraja la Tower. "Hilo si jiwe," ulikuwa ukiwaambia, "hilo ni koti tu. Mwili wenyewe ni chuma. Walilivisha mawe lisionekane uchi karibu na ngome ya mfalme." Wengine walicheka, wengine waliona umelitukana daraja lao.

Sisi ulitufundisha jinsi linavyofunguka kupisha meli, kwa kijiko ulichokilaza juu ya ukingo wa kikombe. Mbele ndilo bawa wanalopita watu na magari. Nyuma ndio mkia, wenye mamia ya tani za chuma na madini ya risasi. Makaa yalichemsha maji, mvuke ukasukuma maji mengine yakainua mizigo mizito, na nguvu ikakaa akiba ikingoja meli. Meli ikija, mabawa mawili yalipanda kwa muda mfupi kuliko wa kuvaa viatu. Sasa wanasema mvuke utaondolewa, kazi ifanywe na umeme na mafuta. Ungewasema sana.

Lakini bawa likipanda, mkia unashuka ndani ya nguzo, kwenye shimo lililo chini kuliko maji ya mto. Humo ndimo ulimofanyia kazi, ukipaka grisi na kufagia. Kila aliyeshuka alitundika kofia yake kwenye msumari juu ya ngazi. Kofia ikiwepo, daraja haliinuliwi. Sheria ilikuwa hiyo tu, na wote mliiheshimu.

Siku moja, binti yako mdogo Rosina akiwa bado ananyonya, ulitundika yako ukashuka. Huko juu msiba ulikuwa unavuka, gari la jeneza na farasi weusi, na Mjomba Cyril, kaka yake Mama, alikuwa ametoka kwenye boila kichwa wazi. Mtu wa kwetu hawezi kusimama mbele ya jeneza bila kofia ya kuvua. Watu watauliza amelelewa na nani. Akachukua yako, akaivaa, akaivua, akaiweka kifuani na kuinamisha kichwa. Msiba ulipopita, meli iliyobeba mbao ikapiga honi. Mjomba akaitia kofia mfukoni, akakimbilia kuzuia magari. Mwendeshaji wa daraja akatazama msumari, akauona mtupu.

Ulisikia kufuli za bawa zikifunguka, ukajua. Ngazi ilikuwa upande wa pili. Ulijibana kwenye pembe ya ukuta, ukavuta tumbo ndani, na lile dude likashuka likasimama mbele ya kifua chako, karibu mno hata hukuweza kuinua mkono ujifute uso. Meli ilipita taratibu. Nyuma yake kulikuwa na nyingine, na meli haingojeshwi, barabara ndiyo hungoja. Ulibaki gizani ukisikia mto nyuma ya ukuta, juu ya kichwa chako.

Mjomba alipeleka mkono mfukoni kutafuta leso, akakutana na kofia. Alikuja mbio akapiga kelele shimoni.

"Amby! Shemeji! Uko hai?"

"Niko hai. Waambie wateremshe bawa polepole."

"Wataniua, Amby. Kofia yako ninayo mimi."

"Basi usiikalie. Na ufunge mdomo. Mambo ya kofia niachie mimi."

Ukamwambia bosi kwamba ulisahau kuitundika. Mjomba alikuwa na watoto wanne na alishaonywa mara moja, angefukuzwa palepale. Wewe ulikuwa unangoja kupandishwa, uende chumba cha kuendeshea daraja, penye madirisha. Nani angempa mtu msahaulifu mashine ile? Walikurudisha shimoni, na ukashuka humo hadi ulipostaafu. Mama peke yake alijua kwamba kila asubuhi ulikuwa ukitapika kabla ya kwenda kazini. Kila jioni ulifungua milango yote, nasi tukanung'unika na mablanketi mabegani. Tulidhani ni ukaidi wako tu.

Hospitalini hukuomba kitu ila kimoja. "Hetty, wasinifungie," ulimwambia Mama, na Mama akakuahidi.

Kwa hiyo mtu wa mazishi alipotoa bisibisi sebuleni, Mama alimshika mkono.

"Mama, kifuniko lazima kikazwe. Ndio utaratibu."

"Mwenyewe alisema asifungiwe."

"Marehemu hajui tena, mama."

Hapo Mjomba Cyril akasimama kati yake na jeneza. "Rudisha hiyo bisibisi mfukoni," alisema. "Huyu alifungiwa miaka yote kwa ajili yangu." Ndipo alipotueleza habari ya kofia, yote, mbele ya wageni, huku analia. Rosina alitoka nje. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia aingie kwenye gari la jeneza lako. Alikwenda nawe hadi makaburini Nunhead, kiganja chake juu ya kifuniko kisiteleze. Skrubu zako tulirudi nazo nyumbani.

Wanaokukumbuka ni mkeo Hetty, sisi binti zako Beryl na Rosina, wakwe zako, na wajukuu wanaobishana nani ulimpenda zaidi. Mjomba Cyril alituomba jina lake tuliache nje ya tangazo hili, na Rosina aliona ni sawa. Mama alikuwa anamenya viazi, hata hakugeuka.

"Mwandike, Beryl," alisema. "Baba yako hakukaa shimoni ili sisi tuje tumfukuze."

Na shemeji yako, Cyril Mott.

Hatutaacha kukukumbuka, Baba.